Sivili sio kupanga tofali jamani

Jumapili tulikuwa kwa mjomba, anamalizia uzio wake ule wa upande wa mteremko, akamtania binamu yangu aliyemaliza digrii ya sivili, yaani uhandisi ujenzi, mwaka jana, "Injinia, shika mwiko tuone." Dogo akapanga tofali tatu, ya tatu ikatoka nje ya kamba, watu wakafa kwa kicheko. Mjomba akamalizia na lile swali nimelisikia mpaka nimechoka: "miaka minne chuo wamekufundisha nini sasa?"

Haya. Kwa kifupi, digrii ya kwanza ya uhandisi ujenzi inalenga kumtoa mtu anayeweza kukokotoa mzigo, udongo na maji vitafanya nini kabla kitu hakijajengwa, anayejua viwango, na yuko tayari kuanza kujifunza kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Kuanza, nimesema. Ndo maana kwa Tanzania ukimaliza unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na ule mpango wa mafunzo wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni miaka mitatu mingine.

Ila kinachotuponza ni jina. Mswahili akisikia ujenzi anaona nyumba, plasta na bati, kumbe Waingereza wenyewe walisema sivili, yaani ya kiraia, maana zamani mhandisi alikuwa mtu wa jeshi, wa ngome na mahandaki na madaraja ya kuvushia askari. Karne ya 18 akatokea John Smeaton, huyu aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone juu ya mwamba baharini ukakamilika 1759, akajiita mhandisi wa kiraia ili ijulikane hajengei jeshi, na 1771 yeye na wenzake wakaanzisha chama chao. Kwa hiyo barabara, reli, bandari, mabwawa, maji ya bomba na hayo maji taka msiyopenda kuyataja, yote sivili. Na mhandisi nalo limetoka Kiarabu, handasa ni jiometri, na Waarabu walilichukua kwa Waajemi, kwao andaza ni kipimo. Mtu wa vipimo basi, mwiko haumo humo.

Nenda saiti siku ya kumwaga zege uone. Fundi anataka zege laini asiumie mgongo, anaongeza ndoo ya maji, na yule wa chuo anajaza koni ya chuma ya urefu wa milimita 300, tabaka tatu, kila tabaka analishindilia kwa fimbo mara 25, anavuta koni juu taratibu halafu anapima zege limeshuka kiasi gani, likishuka sana ajue maji yamezidi. Maji yaliyozidi yakikauka yanaacha vitundu ndani, kwa macho huoni kitu, mpaka mchemraba wa zege hilohilo mliouweka pembeni kwa kupima uvunjwe siku ya 28 ndo mjue mmepoteza nguvu kiasi gani. Simdharau fundi hapa, mimi mwenyewe ukinipa timazi ntakuaibisha.

Kwa hiyo mjomba wangu, shikamoo tena, mwiko mrudishie fundi. Dogo muulize mvua za masika zikishiba kwenye ule udongo nyuma ya ukuta maji yatatokea wapi, maana muda wote mnacheka alikuwa ameinama anatafuta matundu ya kutolea maji, na mimi pia sikuona hata moja.