Je, wajua kwa nini mafundi wa seva huvikwepa vitufe?

Mwanga, Kigoma, kijana mmoja mwenye steshenari alinionyesha seva, kompyuta isiyozimwa anayoikodi nje ya nchi, inayobeba tovuti ya wauza dagaa. Nilitegemea vitufe vya kubofya. Nikakuta skrini nyeusi, naye anaandika kwenye faili la mipangilio:

PasswordAuthentication no

Maana yake, seva haipokei tena nywila kwa njia ya SSH, njia salama ya kuiamuru seva ukiwa mbali. Anayeingia lazima awe na faili la ufunguo, na la kwake limo kwenye laptop ile. Roboti zinazobahatisha nywila usiku kucha zitabisha hadi zichoke.

Kwa nini asitumie programu ya vitufe? Kwa sababu nayo ni mlango. Kila huduma kwenye seva husikiliza kwenye poti yake, yaani mlango wenye namba, na kwa Kiingereza poti na bandari ni neno moja, kwa hiyo mtu wa Kigoma haelezwi mara mbili: gati likiwa wazi linataka mlinzi. SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, hutumia poti 22. Webmin, programu maarufu ya vitufe, huongeza poti 10000, na ikishaingiliwa mgeni ana madaraka yote ya seva. Agosti 2019 iligundulika kwamba mtu alichomeka msimbo wa hila ndani ya matoleo yake tangu mwaka 2018, toleo 1.890 lilikubali amri za mgeni bila nywila, hata kama mwenye seva hakugusa kitu. Dawa ilikuja na toleo 1.930.

Tena kitufe huficha. Ukibofya "washa ulinzi", hujui kimeandika nini, wapi. Faili la maandishi unalisoma, unalilinganisha na la jana.

Sisemi vitufe ni haramu. Ukivitaka, vipitishe ndani ya SSH, usiviache wazi kwa dunia nzima. Mkono nao hukosea: herufi moja tu, unajifungia nje, na seva iko ng'ambo. Ndiyo maana kijana alitangulia na sshd -t, amri inayokagua faili kabla ya kuwasha upya huduma. Kimya, hakuna kosa. Akaiwasha upya, akaliacha dirisha la kwanza wazi, akafungua la pili, akajaribu kuingia.

Likaingia. Ndipo akalifunga la kwanza, akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri fotokopi ya cheti.