Je, wajua kwa nini watoto wakimbizi wa Vietnam walisomeshwa Kiingereza katika kambi moja na Kivietnam katika kambi nyingine?

Tuchukue watoto wawili wa miaka kumi, waliozaliwa nchi moja na kuvushwa bahari na wazazi wao katika mashua za namna moja. Mwaka 1990 mmoja yuko kambi ya Bataan, Ufilipino, ambako mwalimu anamfundisha kwa Kiingereza namna ya kupanga foleni na sinia mkononi, kama afanyavyo mwanafunzi katika bwalo la shule ya Marekani. Mwenzake yuko nyuma ya uzio wa kambi ya Whitehead, Hong Kong, na kitabu kilicho mbele yake ni cha Kivietnam. Aliyewatenganisha ni afisa mwenye faili, ambaye alikwisha kuamua kila mmoja anatarajiwa kwenda wapi. Shule ilifuata faili.

Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka mikononi mwa majeshi ya Kaskazini tarehe 30 Aprili 1975, na katika miaka iliyofuata watu karibu 800,000 waliondoka Vietnam kwa mashua na kufika salama katika nchi jirani. Wangapi walizama, hakuna aliyewahesabu. Wimbi lilipofika kilele, mkutano wa Geneva wa Julai 1979 ulikubaliana kwamba nchi jirani ziwapokee kwa muda, na nchi tajiri ziwachukue moja kwa moja. Kisiwa cha Pulau Bidong, Malaysia, ambacho ukubwa wake ni kilomita moja ya mraba hivi, kilibeba watu wapatao 40,000 katikati ya mwaka huo. Hata katika msongamano huo shule ilifunguliwa, na walimu walikuwa wakimbizi wenyewe. Udhaifu wake unaeleweka kwa urahisi: mwalimu hodari wa Kiingereza au Kifaransa ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri ya kuchukuliwa mapema, kwa hiyo darasa lingeweza kuamka asubuhi likakuta mwalimu wake amekwisha panda meli.

Bataan, iliyofunguliwa mwaka 1980, ilikuwa kambi ya namna nyingine. Waliofikishwa pale walikuwa wamekwisha kukubaliwa, wengi wao na Marekani, na walikaa miezi sita hivi wakiandaliwa kwa safari. Mwanzoni masomo yaliwalenga watu wazima waliotarajiwa kuingia kazini. Mpango wa vijana wa umri wa sekondari ulianza mwaka 1985, na wa wadogo wa umri wa shule ya msingi mwaka 1987. Walimu walikuwa Wafilipino, watu ambao nao walijifunza Kiingereza shuleni, na kwa maoni yangu hilo liliwafaa sana wanafunzi, maana mwalimu aliyewahi kujikwaa penye shimo hujua lilipo.

Mashimo yalikuwepo, na kwa msemaji wa Kiswahili ni ya kuvutia. Silabi ya Kivietnam haikubali konsonanti zishikane, na mwishoni mwake hupokea sauti chache tu, kama vile p, t, k, m, n na ng'. Sisi tunapokutana na neno la Kiingereza lililofungwa na konsonanti tunaliongezea irabu, ndipo tukapata shati, boksi na skuli. Mtoto wa Kivietnam hufanya kinyume: hukata. Neno “rice”, yaani wali, humtoka kama “rai”. Sasa, Kiingereza kimeweka wingi na wakati uliopita mwishoni mwa neno, mahali pale pale anapokata, na mwalimu asiyelijua jambo hili huandika daftarini kwamba mtoto hajui sarufi, kumbe anaijua ila ulimi haujazoea kuifikisha.

Kwa upande wa herufi walikuwa na nafuu. Kivietnam huandikwa kwa herufi za Kilatini, tofauti na lugha za Wakambodia na Walao waliopitia kambi hiyo hiyo wakiwa na maandishi yao wenyewe. Alama zinazowekwa juu na chini ya herufi hizo si mapambo: “ma” ni mzimu, “má” ni mama, “mà” ni lakini, “mả” ni kaburi, “mã” ni farasi, na “mạ” ni mche wa mpunga. Mtoto aliyezoea kwamba kupanda au kushuka kwa sauti kunageuza mama kuwa kaburi humsikiliza mwalimu kwa makini, kisha hushangaa kuona kwamba katika Kiingereza sauti hiyo hupanda na kushuka bila kubadili maana ya neno.

Lililowapoteza walimu zaidi, hata hivyo, lilikuwa adabu. Mkubwa akisema, mtoto wa Kivietnam huitikia “dạ”, ambayo kwa matamshi ya kusini hukaribia “ya”. Mwalimu anauliza, “Mmeelewa?” Darasa zima linaitika. Mwalimu anaendelea na somo, na jaribio la siku ya pili linaonyesha kwamba hakuna aliyeelewa. Msomaji aliyelelewa kuitika “abee” au “naam” anajua kilichotokea: itikio hilo humwambia mkubwa kwamba umesikia, wala haliahidi zaidi ya hapo. Tena mtoto huyo hamwiti mwalimu “wewe”. Humwita “thầy” akiwa mwanamume na “cô” akiwa mwanamke, na nafsi yake huiita “em”, mdogo wako, au “con”, mwanao. Kumtaka aseme “I” na “you” ni kumtaka ajivue ujamaa wote huo kwa silabi mbili.

Hong Kong hayo hayakupewa nafasi. Kuanzia tarehe 16 Juni 1988 kila aliyefika alihesabiwa mhamiaji haramu hadi athibitishe kwa usaili kwamba ni mkimbizi, na mwaka uliofuata mkutano mwingine wa Geneva uliufanya usaili kuwa kanuni ya eneo zima. Wengi walishindwa, na aliyeshindwa alitakiwa kurudi kwao. Kwa mantiki hiyo Kiingereza kingekuwa ahadi ya uongo, ilhali Kivietnam kingemwezesha mtoto kuingia darasani nyumbani bila kuanza upya. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wapo waliokaa ndani miaka mitano na zaidi, yaani shule nzima ya msingi ya Vietnam, wakilala na familia zao kwenye vitanda vya ghorofa tatu vilivyofungwa mapazia, wakisoma habari za mashamba ya mpunga ambayo waliozaliwa humo hawakuwahi kuyaona.

Afrika Mashariki tumeyaona yote mawili. Watoto wa Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuwekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, Tanzania, walisoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili, na mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa kundi hilo walitangazwa kuwa raia. Waliokuja mwaka 2015 na kupelekwa kambi za Nduta na Mtendeli, nchini humo humo, walifundishwa mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa.

Kambi ya mwisho ya Hong Kong, Pillar Point, ilifungwa mwaka 2000. Watu 1,400 hivi waliobaki, wakiwemo waliokataliwa na nchi zote pamoja na Vietnam yenyewe, waliruhusiwa kukaa hapo hapo Hong Kong, mahali ambapo sokoni, kazini na kwenye basi watu huzungumza Kikantoni.