4,294,967,297: namba iliyomponza Fermat

Itazame 4,294,967,297. Ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Ijaribu kwa 7, 11, 13: kila mara kuna baki. Mtu angeapa kwamba hii ni namba tasa, yaani haina vigawo ila 1 na yenyewe.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliamini hivyo. Namba yetu ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1. Ndugu zake wakubwa ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambao vipeo vyao ni 1, 2, 4, 8 na 16, kila kimoja mara mbili ya kilichotangulia. Hao watano ni tasa kweli. Mwaka 1640 Fermat akadai ukoo wote uko hivyo, huku akikiri kuwa uthibitisho hana.

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, Urusi, akalivunja dai hilo. Njia aliyokuja kuieleza baadaye ndiyo tamu: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi huhangaiki na kila namba. Unaandika 65, 129, 193, 257 na kuendelea, unatupa zisizo tasa, unabaki na 193, 257, 449, 577, 641. Nne za kwanza zinagoma. Ya tano inaingia bila baki:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Bila kanuni hiyo, ukianzia 2 na kupita tasa moja moja, 641 ni ya 116 katika foleni.

Na 6,700,417 nayo ni tasa, kwa hiyo vigawo vyote ni vinne tu. Dalili nyingine imejificha kwenye miraba. Namba yetu ni mraba wa 65,536 kujumlisha mraba wa 1, lakini pia ni mraba wa 62,264 kujumlisha mraba wa 20,449. Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti.

Kinachonichekesha ni hiki. Kwa kanuni ya Fermat mwenyewe, namba ikiwa tasa na ni witiri, ukipandisha 2 kwa kipeo kilicho pungufu yake kwa 1, kisha ukagawa kwa namba hiyo, baki ni 1. Namba hii si tasa, lakini mtihani huo inaufaulu! Weka 3 mahali pa 2, inaanguka.

Katika ukoo huo, baada ya wale watano hajapatikana tasa mwingine. Kuanzia namba yetu, 28 mfululizo zimethibitishwa kuwa si tasa. Kati yake zipo mbili, ambazo vipeo vyao ni 2 kwa kipeo cha 20 na 2 kwa kipeo cha 24, ambazo hakuna aliyewahi kuona hata kigawo chao kimoja.