Msamaha wa Kisheria Si Kusahau

Katika mazungumzo ya vijiweni hapa Iringa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vinapotajwa, husemwa kwamba wenzetu walitia saini mkataba, wakasameheana, wakasahau. Kauli hiyo inachanganya msamaha wa kisheria, yaani kutoshtakiwa kwa waliotenda makosa vitani, na maridhiano.

Ni kweli kwamba Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama, kiongozi wa waasi wa RENAMO, walitia saini mkataba wa amani mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na kwamba siku chache baadaye Bunge lilipitisha sheria ya msamaha, bila kuundwa tume ya ukweli wala mahakama maalumu. Lakini sheria haikuwaonyesha majirani namna ya kuishi na kijana aliyerudi kutoka msituni, alikolazimishwa kuua. Kazi hiyo ilibaki makanisani na vijijini, ambako waganga na wazee waliwafanyia wapiganaji matambiko ya kuwatakasa kabla hawajaketi tena na ndugu zao. Na huko ndiko, kwa maoni yangu, maridhiano yalikofanyika, ingawa si kwa kila mtu. Uhasama wa kisiasa nao haukwisha: mapigano kati ya RENAMO na serikali yalirejea mwaka 2013, hata ikabidi mkataba mwingine utiwe saini Agosti 2019.

Sisi wa Iringa tusingepaswa kushangaa kwamba mkataba haufuti kumbukumbu. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alifariki mwaka 1898. Fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na miaka yote hiyo liliendelea kudaiwa hadi liliporejeshwa Kalenga, hapa Iringa, mwaka 1954.