Kabla wageni hawajaketi chini ya turubai

Msiba ukitokea saa nane usiku, asubuhi turubai limeshasimama uani. Vijana wa mtaa hulisimamisha kwa haraka na kwa moyo, lakini zunguka nyuma uone kamba zimefungwa wapi. Mara nyingi utakuta moja iko kwenye mpera, nyingine kwenye kipande cha nondo kinachotikisika kwa kidole, na ya tatu kwenye tairi la gari la mgeni. Mgeni huyo ataondoka saa kumi.

Sisi wa zimamoto na uokoaji tunaomba turubai litazamwe kama tanga la jahazi. Upepo ukiingia chini yake hulinyanyua, na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Ndiyo maana turubai lililotulia kutwa nzima hung'oka ghafla dakika chache kabla ya mvua. Kigingi kiwe kirefu, kizame mpaka kibaki kichwa tu, nacho kiinamie nje. Penye sakafu ya zege kigingi hakiingii. Funga kila nguzo ya pembeni kwenye pipa la lita 200 lililojaa maji, maana hizo ni kilo 200. Tofali mbili tatu hazitoshi.

Maji yakituama juu nayo ni mzigo. Dimbwi la mita mbili kwa mbili, kina cha sentimita 10, ni kilo 400 juu ya vichwa vya watu. Waondoe watu kwanza, ndipo uyamwage.

Wapishi wakae mbali, walau mita 10, upande ambao upepo hautapeleka cheche kwenye turubai. Turubai la plastiki likishika moto huyeyuka na kudondokea watu likiwaka. Aprili 1997, wakati wa hija, moto uliotokana na jiko la gesi ulisambazwa na upepo katika mahema ya Mina, na mahujaji 343 wakafariki. Baada ya hapo Saudi Arabia iliweka mahema ya nyuzi za kioo zilizopakwa tefloni, yasiyoshika moto kirahisi. Usidhani turubai la kukodi mtaani ni la aina hiyo. Kwa hiyo mapazia ya mapambo yasizibe pande zote. Acha njia mbili pana, zisizo na viti wala spika.

Kabla ya kuinua mabomba ya chuma, tazama juu. Chini ya nyaya za umeme hapafai, hata kama ndipo penye nafasi.

Mwenye shughuli ateue mtu mmoja wa kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kutazama mawingu, mwenye ruhusa ya kumwambia MC asimamishe shughuli. Upepo ukichachamaa, wanaume hukimbilia kushika nguzo. Nia yao ni njema, ila nguzo humnyanyua mtu kisha ikamshukia. Iacheni. Toeni wazee na watoto kwanza, ingieni nyumbani. Turubai halikingi radi, hivyo kaeni ndani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mtu akibanwa, piga 114. Taja mtaa na alama iliyo karibu, kama msikiti, shule au kituo cha daladala, na mtu mmoja asimame barabarani kutupokea.