Mhadhara wa mwezi kabla ya skukuu

Kila Ramadhani ikikaribia, chuoni kwetu Tunguu, hapa Zanzibar, huombwa nitoe mhadhara wa wazi kuhusu mwezi mwandamo. Hukubali kwa sharti moja: usiwekwe kumi la mwisho. Siku zile wazazi wako Darajani wanatafuta nguo za watoto, majumbani watu wanachoma vileja, misikitini kuna itikafu. Nani atapanda daladala kuja kumsikiliza mtu wa fizikia? Idd yenyewe ndiyo usiseme, jioni zote ni za Mnazi Mmoja. Kumi la pili, Jumamosi asubuhi, watu huja.

Na huja na swali moja, ambalo kwa kawaida hutolewa na mzee wa safu ya mbele: "Mwanangu, kama mnajua hadi dakika ya kupatwa kwa jua, mbona hamtwambii tu skukuu lini?"

Hapo huzima taa, nikawasha balbu moja mezani na kumpa mtoto chungwa lililochomekwa kijiti. Akilinyoosha sawasawa na balbu, upande anaouona yeye ni giza tupu. Ndivyo mwezi unavyokuwa ukikutana na jua. Akigeuka kushoto kidogo, ukingo wa kulia unaanza kung'ara.

Kukutana huko tunakujua kwa dakika. Kutoka kumoja hadi kwingine ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, ndiyo maana mfungo huwa wa siku 29 au 30, na Idd huja mapema kuliko mwaka jana kwa kiasi cha siku 11. Ila mwezi uliokutana na jua haujaandama. Huliacha jua kwa nusu ya nyuzi hivi kila saa, na kabla haujafika nyuzi 7 hivi jicho haliuoni, mbingu iwe safi vipi. Ukizidi hapo, kuna mawingu, kuna vumbi, kuna macho ya mtu. Pale unapotua kabla ya jua, husema waziwazi kwamba jioni hiyo hakuna wa kuuona. Mengine ni ya mashahidi, na kuwapokea ni kazi ya Mufti.

Kinachozusha zogo ukumbini ni ramani. Wengi huamini Makka wanatutangulia. Makka iko longitudo 39.8 mashariki, Mji wa Zanzibar 39.2, na saa zao ndizo hizi zetu. Tena miaka hii Idd el-Fitri inaangukia Machi, jua likiwa karibu na ikweta, kwa hiyo kuchwa kwa jua huku na kule kunapishana dakika chache tu. Tofauti inayobaki ni ya latitudo: jioni za Machi mwezi mchanga wa Makka husimama karibu wima juu ya jua lilipozama, wetu huinamia kulia na mara nyingi huwa chini kidogo. Septemba mambo hugeuka. Anayefuata Makka na anayefuata mwandamo wa hapa wana hoja zao za fiqhi, yaani sheria ya dini, nami siziingilii. Wasiisingizie jiografia tu.

Ukitaka kuutafuta mwenyewe, nenda penye bahari upande wa magharibi: Forodhani, Mangapwani, au Wesha kwa walioko Pemba. Usiguse darubini kabla jua halijazama lote. Ngoja dakika 20 hivi, kisha tazama kulia kidogo. Ukiuona, angalia saa, na umwoneshe mwenzio wa pili kabla hujampigia sheha, kiongozi wa mtaa wako.