“Mimi ni koleriki, ndivyo nilivyoumbwa”

Kijana mmoja alikuja kwangu na mkewe kutafuta ushauri wa ndoa. Kabla hajakaa vizuri kitini akasema, “Nikueleze mapema, mshauri. Mimi ni koleriki. Hasira nimezaliwa nazo.” Alikuwa amejibu maswali ya jaribio fulani mtandaoni akapewa jina hilo, na tangu siku hiyo kila ugomvi nyumbani ulikuwa unaishia hapo. Mkewe hakusema kitu. Aliinama tu akitazama mikono yake. (Wote wawili wameniruhusu kusimulia habari hii.)

Neno hilo nalisikia karibu kila wiki, pamoja na wenzake watatu: sanguini (mchangamfu), melankoli (mwenye majonzi) na flegmatiki (mtulivu). Chimbuko lake ni tiba ya Wagiriki wa kale, walioamini kwamba afya hutegemea uwiano wa damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kohozi. Galen, tabibu wa karne ya 2, ndiye aliyehusisha majimaji hayo na hulka za watu. Tiba iliachana na nadharia hiyo zamani, ila majina yamebaki. Sishangai kwamba yamebaki, maana kila mtu amewahi kukutana na mwepesi wa hasira, mchangamfu, mwenye majonzi na mtulivu. Macho ya wazee wale yaliona sawasawa. Walipokosea ni kudhani kuwa binadamu wote wanaweza kugawanywa katika magunia manne.

Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa akili kutoka Uswisi, alieleza tofauti kati ya mtu ambaye nguvu za nafsi yake huelekea nje, kwa watu na mambo, na yule ambaye zake huelekea ndani, kwenye fikra zake mwenyewe. Huko Marekani, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers wakayachukua mawazo ya Jung na kuyafanya jaribio lenye aina 16 za watu. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia. Jaribio lao hutumika hadi leo katika maofisi mengi duniani, na wengi wanaolirudia baada ya wiki chache hupewa aina nyingine.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Chukua urefu. Tuseme tumekata shauri kuwa kila mwenye zaidi ya sentimita 165 ni “mrefu” na aliye chini ya hapo ni “mfupi”. Mwenye 164 na mwenye 166 tumewatenganisha ingawa ukiwasimamisha pamoja huoni tofauti, na mwenye 166 tumemweka kundi moja na mwenye 190. Haiba, yaani jinsi mtu alivyo kwa kawaida, nayo iko hivyo hivyo. Watu wengi wako katikati, wachache wako pembeni kabisa. Anayekaa karibu na mstari, akijibu maswali mawili tofauti kidogo leo, anavuka upande wa pili.

Mbona basi majibu ya majaribio haya hutugusa sana? Mwaka 1948 Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba, kisha kila mmoja akapokea maelezo yaliyosemekana ni yake peke yake. Aliwaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa usahihi. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, na sentensi zake nyingi zilitoka katika kitabu cha unajimu. Ukiambiwa “wakati mwingine wewe ni mchangamfu, na wakati mwingine hupenda kukaa peke yako”, utakataaje?

Watafiti wengine walipita njia ndefu zaidi, ambayo mimi naiamini. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakakusanya maneno karibu 18,000 yanayoeleza watu. Hoja ilikuwa kwamba sifa yenye uzito katika kuishi na wenzako haikosi jina. Nasi tunayo mengi: msikivu, mbishi, mkaidi, mnyamavu, mdadisi, mvumilivu. Baada ya miongo kadhaa ya kuchambua ni sifa zipi huandamana, yakajitokeza makundi makubwa matano: uchangamfu, upole kwa wengine, bidii na utaratibu, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na kiu ya mambo mapya. Hizi si aina za watu. Ni vipimo, na kila mtu ana kiasi chake katika kila kimoja.

Hata hivyo vipimo hivyo navyo vina mpaka. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel alionyesha kwamba uhusiano kati ya sifa iliyopimwa na kile mtu anachofanya katika tukio moja mara nyingi hauvuki 0.30, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuhusiana kikamilifu. Wapo waliosema basi haiba haipo. Jibu ninalolipenda zaidi lilikuja mwaka 2001 kutoka kwa William Fleeson, aliyewaomba watu waripoti mara kadhaa kwa siku, kwa siku nyingi, jinsi walivyokuwa wakienenda. Mtu yuleyule alikuwa mnyamavu saa nne na mchangamfu saa kumi. Karibu kila mmoja aligusa sehemu kubwa ya kipimo. Lakini ukichukua wastani wa wiki moja ukaulinganisha na wa wiki nyingine, ulikuwa thabiti sana. Haiba ni wastani huo. Inanieleza utakavyokuwa katika siku mia, wala hainiambii utafanya nini leo jioni.

Tuna methali mbili zinazovutana: tabia ni kama ngozi, na mazoea hujenga tabia. Tafiti za mapacha zinazipa zote mbili haki yake. Karibu nusu ya tofauti za haiba baina ya watu hutokana na urithi, na bado watu wengi kadiri wanavyokua huzidi kuwa wapole na wenye utaratibu, na wasiwasi wao hupungua.

Kijana wangu sikubishana naye kuhusu jina. Nilimwomba aandike, kwa wiki tatu, kila alipopandisha sauti: saa ngapi, alikuwa na nani, na nini kilitangulia. Alirudi na matukio 11. Yote yalikuwa ya nyumbani, na 9 kati yake yalitokea jioni. Kazini, ambako alisema msimamizi wake humkemea kila siku, hapakuwa na hata moja. Tuliisoma orodha polepole, sisi watatu.

Mkewe ndiye aliyevunja ukimya. “Kwa hiyo ni pale ninapokukumbusha jambo?”

Alifikiri kidogo. “Si kukumbushwa,” akasema. “Ni kukumbushwa mbele ya watoto.”

Mkewe akageuza kiti kumwelekea, na kwa nusu saa iliyobaki sikuwa na haja ya kusema neno.